Polaris Indy 500 ya Zamani: Bado Inastahili Kutunzwa

Pikipiki hii ya theluji, yenye injini ya mipigo miwili ya sentimita za ujazo 488 inayopozwa kwa maji, naipendekeza kwa moyo wote kwa sababu mwenyewe anaweza kuifungua na kuifunga nyumbani. Kabureta zake, yaani vifaa vinavyochanganya petroli na hewa, hata hivyo, zinadai uangalifu: baridi inapozidi hewa huwa nzito, na jeti kuu, yaani kitundu kinachopitisha petroli, ikiwa ndogo, au mpira unaoshikilia kabureta ukipasuka kwa uzee, petroli hupungua katika mchanganyiko, pistoni hupata joto kupita kiasi na kukwama ndani ya silinda. Mpira huo ubadilishwe kabla ya kufikiria ekzosi ya mashindano, ambayo hulazimisha jeti na klachi zipangwe upya na, kwa maoni yangu, haistahili gharama yake.