Nyaraka za React bila Create React App: uzoefu wangu nikifundisha Kisumu

Mimi hufundisha vijana kutengeneza tovuti katika chumba cha kukodi huku Kondele, na kila anayetaka React, maktaba ya JavaScript ya kujengea kurasa za tovuti, namtuma kwanza kwenye nyaraka zake, yaani maelezo rasmi ya matumizi. Kwa hivyo kuondolewa humo kwa Create React App, kiolezo cha kuanzishia mradi wa React, kumenipunguzia kazi kweli kweli. Tovuti mpya, react.dev, ilizinduliwa Machi 2023 bila kuipendekeza tena, na tarehe 14 Februari 2025 timu ya React ikatangaza rasmi kwamba isitumiwe kwa miradi mipya.

Kiolezo hicho kilikuwa na heshima yake. Kilipotoka 2016 kilituepusha kuunganisha kwa mkono webpack na Babel, zana za kufungasha na kutafsiri msimbo. Shida ni kwamba kiliachwa bila matunzo huku nakala za masomo zikiendelea kukitaja. React 19 ilipotoka Desemba 2024, ile amri ya zamani, npx create-react-app, ikawa balaa. Ilikuwa inapakua vifurushi zaidi ya elfu moja, bando linaliwa, halafu mwishoni npm, programu ya kusakinisha vifurushi hivyo, inagoma na kuandika ERESOLVE, yaani matoleo hayapatani: kiolezo kilileta React 19, lakini maktaba ya majaribio iliyokuwa ndani yake ilitaka React 18. Mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Mwalimu, nimeharibu laptopu ya watu?" Alikuwa amefuata notsi za chuo neno kwa neno.

Siku hizi nyaraka zinakuelekeza kwenye fremuweki, yaani mfumo uliokamilika, kama Next.js, au ujijengee mwenyewe kwa zana nyepesi za kuandaa mradi kama Vite, Parcel au Rsbuild. Hapa ndipo ninapolalamika kidogo. Fremuweki zimewekwa mbele, na Vite unaikuta baadaye. Anayetaka ukurasa mmoja tu wa bei za mbuta na omena wa wachuuzi wa Dunga, Next.js ya nini? Mimi nawaambia waruke moja kwa moja hadi kwenye Vite: npm create vite@latest, chagua React, kisha JavaScript. Hata mtandao ukiwa wa kusuasua, haichukui muda.

Ila ukizoea ya zamani kuna vitu vitakukwaza. Amri ya kuwasha mradi, npm start, haipo, ni npm run dev. Anwani ya kufungua kwenye kivinjari ni localhost:5173 badala ya localhost:3000. Faili ya index.html imetoka kwenye folda ya public ikakaa kwenye folda kuu ya mradi, na faili yenye JSX, ule mwandiko unaofanana na HTML ndani ya JavaScript, lazima iishie na .jsx, la sivyo Vite inakataa. Majina ya vigezo vya mazingira, yaani thamani za mipangilio ya mradi, yaliyoanza na REACT_APP_ sasa yanaanza na VITE_. Hicho cha mwisho ndicho kinachosumbua zaidi, kwa sababu ukisahau kubadilisha mwanzo huo wa jina mara nyingi hakuna kosa linaloonekana, thamani inakuja tupu tu.

Kitu kingine walichofanya vizuri ni kutofuta nyayo. Nyaraka za zamani bado zinasomeka legacy.reactjs.org, na Create React App yenyewe ilitolewa toleo linalokubaliana na React 19, likiwa na onyo unapoisakinisha. Nina mteja mwenye agroveti Nakuru ambaye mfumo wake wa stoo umejengwa juu ya kiolezo hicho. Unauza mbegu na mbolea kila siku bila tatizo, na hana haja ya kulipia kuhamishwa msimu wa kupanda ukiwa umepamba moto. Tumekubaliana tuuguse baada ya mavuno.