Lipu ya chokaa kwenye nyumba ya kupangisha, Mji Mkongwe: uzoefu wangu

Kwa anayetaka jibu la haraka: lipu ya chokaa ilitugharimu karibu mara mbili ya bei tuliyotajiwa kwa saruji, na kazi ikija tena nitachagua chokaa. Nyota nne kati ya tano. Ile ya tano nimeizuia kwa sababu ya muda, na kwenye nyumba ya kupangisha muda unakula pesa kuliko chokaa yenyewe.

Nyumba iko Kiponda, ghorofa mbili juu ya duka, na ni mali ya mirathi. Warithi tuko wengi wa kutosha kugombana: wengine tuko hapa Unguja, kaka yuko Dar es Salaam, dada mkubwa yuko Maskati. Funguo ninashika mimi, kwa hiyo dari likidondosha napigiwa mimi. Chini kuna duka la vitambaa, ghorofa ya kwanza anakaa mpangaji wa mwaka na familia yake, na ya juu tunapangisha wageni wa siku chache. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa udongo na chokaa, nene zaidi ya nusu mita. Vyumba ni virefu lakini vyembamba, upana kama mita tatu, kwa sababu dari linabebwa na boriti za mkoko na boriti haitoi urefu mkubwa zaidi ya huo. Kabati la mbao la ghorofa ya juu halikupita ngazini. Lilipandishwa kwa kamba, likaingizwa dirishani, na mtaa mzima ulitoka kutoa ushauri.

Tatizo letu lilikuwa ukuta wa upande wa kichochoroni. Miaka ya nyuma mpangaji mmoja wa duka alileta fundi wake, akapiga lipu ya saruji kutoka chini mpaka usawa wa kifua, akamalizia na rangi ya mafuta. Ikapendeza. Baada ya masika mawili rangi ikaanza kutoa mapovu, ukikuna kwa kucha unamwagika unga mweupe wa chumvi, na unyevu, ambao zamani uliishia magotini, ukapanda mpaka juu ya ile saruji. Mwenye duka akawa anakung'uta kawa, ule ukungu wa unyevu, kwenye majora ya kanga.

Sababu yake haina uchawi. Ukuta wa matumbawe na udongo unanyonya maji kutoka ardhini na kuyatoa hewani kupitia lipu. Chokaa inaruhusu maji hayo yatoke. Saruji inayazuia, na rangi ya mafuta inamalizia kuziba, kwa hiyo maji yanapanda juu kutafuta pa kutokea. Yakikauka yanaacha chumvi, chumvi inaganda ndani ya vitundu vya jiwe, na jiwe linamomonyoka nyuma ya lipu bila mtu kuliona. Tulipobandua ile saruji ilitoka vipande vizima kama mlango mdogo, vigumu, vizuri, na nyuma yake udongo ulikuwa umelegea kiasi kwamba fundi aliuchota kwa vidole.

Mtu asidhani hili ni jambo la wapenda mambo ya kale tu. Beit al-Ajaib, lile jumba la kifalme la kale hapa mjini, iliyojengwa 1883, iliporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili walifariki. Tangu siku ile kila mwenye nyumba hapa mjini anazitazama nyufa kwa jicho jingine, na wapangaji pia. Mpangaji wetu wa ghorofa ya kwanza aliniuliza wazi, "Bwana, nyumba hii tunalala salama?" Nilimjibu kwa kuita fundi.

Kibali kwanza. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2000, na kazi inayogusa sura au mifupa ya nyumba haianzi bila Mamlaka ya Mji Mkongwe kujua. Watu wanalalamika sana juu ya hatua hii. Kwetu ilichukua muda, lakini mkaguzi aliyekuja alitufaa: yeye ndiye aliyetuonyesha kwamba bomba la maji ya kiyoyozi cha ghorofa ya juu lilikuwa linatiririsha ukutani mchana kutwa. Tulikuwa karibu kulipia lipu mpya juu ya chemchemi yetu wenyewe. Kabla ya chokaa, basi, tuliondoa maji: bomba la kiyoyozi likapelekwa mpaka chini, mfereji wa bati ukabadilishwa, na choo cha juu, ambacho sakafu yake ilikuwa inavuja taratibu, kikavunjwa na kupangwa upya. Hizi tatu zilikula pesa nyingi kuliko tulivyotarajia, na hakuna mgeni atakayewahi kukusifia kwa mfereji wa bati.

Sasa bidhaa yenyewe. Chokaa utaipata kwa namna mbili. Ipo ya unga, ya mifukoni, inayouzwa maduka ya vifaa vya ujenzi, rahisi kubeba, na wengi wanaijua kwa kupaka tu. Ipo pia iliyozimwa kwa maji ikalazwa shimoni au kwenye mapipa kwa miezi, na hii ndiyo wazee wa kazi wanayoitaka. Fundi wetu alikuja na mapipa ya plastiki, juu yake vidole vinne vya maji vimeachwa makusudi ili hewa isiiguse. Alipoizamisha mwiko na kuuinua, chokaa ilibaki imeshikamana nao kama samli iliyoganda. Ikimwagika, alisema, bado haijalala vya kutosha. Glavu na miwani ni lazima. Chokaa inachoma ngozi, na jichoni ni hospitali. Vijana wake hawakupenda glavu, nami sikuwaachia.

Mchanga ulinipa somo. Wa pwani haufai hata ukiwa mzuri kwa macho, una chumvi, na chumvi ndiyo tunayoikimbia. Ule wa shimo ulipoletwa kwa mkokoteni (gari haliingii kichochoro chetu), fundi alichota chembe akaweka ulimini, akatema, akakubali. Mzigo uliofuata aliutemea vilevile akaurudisha, na mwenye mkokoteni akaondoka ananung'unika. Kipimo kilikuwa ndoo moja ya chokaa kwa tatu za mchanga, bila saruji hata kijiko. Nasisitiza hapo kwa sababu mafundi wengi "huisaidia" chokaa kwa saruji kidogo ili ikaze upesi, na ukishafanya hivyo umerudi ulikotoka. Siku moja nilikuta mfuko wa saruji umefichwa nyuma ya ngazi. Fundi mkuu alikasirika kuliko mimi: kijana wake alitaka kumaliza kabla ya Ijumaa.

Ukuta ukishabanduliwa hauguswi kwanza. Unaachwa uchi ukauke, na chumvi inayochomoza inapigwa brashi kavu na kuzolewa. Ukiiosha kwa maji unairudisha ndani. Kisha mashimo yanajazwa vipande vya mawe na chokaa, ukuta unarashiwa maji, na tabaka la kwanza linarushwa kwa mwiko, halipakwi. La pili linanyooshwa, la tatu ni jembamba. Kati ya tabaka na tabaka kuna kungoja. Upande wa nje walitundika magunia yaliyoloweshwa ili jua lisikaushe haraka, na jioni fundi alipita na ubao akisugua nyufa ndogo ndogo zilizojitokeza mchana. Saruji ungeipiga leo ukarudi nyumbani. Chokaa unailea. Mwisho inakuja chokaa ya kupaka, nyepesi, mikono (tabaka) kadhaa, na kila mkono ukiwa mbichi unaona ukuta wote kupitia humo, halafu unazidi kuwa mweupe kadiri unavyokauka. Dada alipigiwa simu ya video ukiwa bado mbichi akasema tumeibiwa. Kesho yake nilimpigia tena.

Katika kubandua tulifikia ncha za boriti. Ushauri wangu kwa yeyote anayenunua, anayerithi au hata anayepanga nyumba nzima hapa: chukua bisibisi, panda ngazi, ukaichome boriti pale inapoingia ukutani, si katikati. Katikati zote ni nzima. Ncha ndizo zinazokaa kwenye unyevu, na kwetu mbili ziliingia bisibisi mpaka kwenye mpini. Zilibadilishwa kwa boriti nyingine za mkoko, dari likiwa limeegemezwa kwa nguzo, na mpangaji wa ghorofa ya kwanza na familia yake wakahamia kwa shemeji yake kwa gharama yetu. Hilo liwemo kwenye bajeti.

Nije kwenye kodi, maana nyumba hii lazima ijilipe. Kazi ya chokaa upande wa nje haitaki mvua ya kumimina. Masika, Machi mpaka Mei, haifai. Kipupwe, wakati wa upepo wa kusi kuanzia Juni, ndicho kizuri: jua la wastani, upepo. Sasa mwenye kupangisha wageni anajua Julai, Agosti na Septemba ni miezi gani. Wageni wanapojaa mjini, ghorofa yako ya juu imejaa vumbi na magunia. Hasara yetu kubwa ilikuwa msimu uliopotea, na hakuna fundi atakayekuandikia hiyo kwenye makadirio yake. Kama ningepanga kwa ajili ya jirani, ningemwambia afanye ndani na nje kwa awamu, ukuta mmoja kwa mwaka, na ukuta wenye vyumba vya wageni auanze mara tu masika yanapokatika. Fedha tulizipata kwa mpangaji wa duka kulipa kodi ya mwaka mzima mbele, badala ya miezi sita kama kawaida yake, nasi tukamwahidi kutopandisha. Warithi walitia saini karatasi kabla ya pipa la kwanza kuingia. Bila karatasi hiyo ningekuwa bado nashitakiwa kwenye kikao cha familia.

Faida zimeonekana wapi? Dukani, kwanza kabisa. Ile harufu ya kawa imeondoka, na mashelfu sasa yamesogezwa mbali na ukuta upana wa kiganja. Ghorofa ya juu joto la mchana linavumilika bila kiyoyozi mpaka alasiri, madirisha yakiachwa wazi, na bili ya umeme imeshuka. Wageni wanapenda ukuta mweupe usio laini sana; wanaupiga picha kuliko mlango wa nakshi, jambo ambalo mpaka leo sijalielewa.

Malalamiko ninayo. Chokaa inaacha weupe kwenye nguo. Ngazi zetu ni nyembamba, na mama mmoja alishuka na buibui lake jeusi, bega lote limekuwa jeupe. Tumetundika mikeka usawa wa mabega, imeachana kidogo na ukuta, na tatizo limepungua, halijaisha. Misumari ni adui: ukigongomea, lipu inadondoka kipande. Waya za umeme hatukuzichimbia ukutani tena, zimepitishwa juu ndani ya bomba nyembamba, na si kila mtu anapenda kuziona. Kila mwaka au miwili unapaka upya. Na mafundi wanaoijua kazi hii kweli ni wachache, wanagombaniwa na hoteli. Wetu alitoweka kwa kitambo katikati ya kazi, na nilijua alikokuwa kwa sababu nilimwona juu ya jukwaa la ujenzi huko Shangani. Alinipungia mkono.

Kwenye mkataba wa kupanga tumeongeza masharti mapya: hakuna msumari bila kuniuliza, hakuna rangi ya mafuta wala lipu ya saruji hata ukuta ukionekana mbaya, na kiyoyozi hakifungwi mpaka nione maji yake yanaelekea wapi. Mpangaji wa mwaka alisaini bila neno. Wa duka alitaka kujua kama kalenda nayo ni msumari. Tumempa kipande cha mbao kilichofungwa penye kizingiti, atundike zote huko. Na kwa wageni wa siku chache msisahau leseni ya Kamisheni ya Utalii na usajili wa Mamlaka ya Mapato (ZRA). Ukuta mzuri hautakutetea kwa mkaguzi.

Nani asisumbuke na chokaa? Mwenye nyumba ya matofali ya saruji Mwanakwerekwe au Kiembesamaki hana haja nayo. Apige saruji yake alale. Na anayetaka kununua nyumba ya mawe hapa mjini, aipake upesi na kuiuza msimu ujao, naye haimfai. Huyo simshauri kitu, ila mnunuzi wake namshauri abebe bisibisi.