Ndoana yenye kijino au isiyo nacho?

Januari, kwenye mito baridi ya jimbo la Washington, Marekani, stilihedi, samaki aina ya trauti anayekwenda baharini na kurudi mtoni, huuma ndoana kwa nadra, kwa hiyo kumpoteza mmoja kunauma sana. Hapo kijino cha ndoana, yaani kile kincha kidogo kilichogeukia nyuma karibu na ncha yake, kina faida: humshika hata mshipi ukilegea. Isiyo nacho hudai mshipi uwe umekaza muda wote, lakini hupenya kwa urahisi, huchomoka upesi bila kurarua mdomo, na ikikuchoma kidole chenye ganzi utaitoa mwenyewe. Gharama si hoja. Kijino hubanwa kwa koleo kikalala, na ndoana ileile ikawa haina kijino. Kunoa ni kulekule.

Ukimfuata samaki wa kuanguliwa kwenye kituo cha kuzalisha samaki, aliyekatwa pezi dogo la mgongoni karibu na mkia kama alama, na sheria ya mto huo ikiruhusu, tumia kijino. Kwa samaki wa asili, anayepaswa kurudishwa majini akiwa hai, mimi hukibana.