Springla ipi ununue kwa nyasi za nyumbani, na ipi uiache dukani

Kabla hujaenda Kariakoo kutafuta springla, yaani kile kifaa cha kurushia maji kwenye nyasi, chukua ndoo ya lita 20, ufungue koki ya bustanini mpaka mwisho, uhesabu ndoo inajaa kwa sekunde ngapi. Ikijaa kwa dakika moja, una lita 20 kwa dakika. Kisha tazama tanki lako limekaa juu kiasi gani. Kila mita 10 za kimo zinakupa msukumo wa baa 1 hivi (baa ni kipimo cha msukumo wa maji), kwa hiyo simtank ya juu ya mnara wa mita 4 haifiki hata nusu baa. Springla nyingi zinataka baa 2 kwenda juu.

Mimi sikupima. Nilinunua springla sita za kuchomoka ardhini, muuzaji akaniapia zinakubali maji yoyote. Fundi bomba akachimba mitaro, ukoka ukang'olewa na kurudishiwa, tukafungua maji. Vichwa vilichomoka urefu wa vidole viwili, vikatema mate pembeni, vikarudi kulala. Siku ya pili nikarudi mjini kutafuta pampu.

Tangu hapo naangalia jambo moja kwanza: ikiharibika, naweza kuifungua mwenyewe? Nimezipanga hivyo.

1. Ya kugonga, ya shaba

Ni ile inayolia tik-tik-tik. Orton Englehardt, mkulima wa machungwa wa Glendora, California, aliibuni mwaka 1933, na mpaka leo haina gia ndani. Maji yanaupiga mkono, springi inaurudisha, mkono unagonga na kukisogeza kichwa kidogo. Yenye tundu la milimita 3.2, ukiipa baa 3, inakula lita kama 11 kwa dakika, kwa hiyo ile ndoo yako ikijaa kwa dakika moja usiwashe mbili kwa pamoja.

Ikigoma kuzunguka, mara nyingi ni mchanga shingoni. Isukume chini kwa kidole, izungushe huku maji yanapita mpaka mchanga utoke. Usitie oili wala grisi, maana vinanasa mchanga zaidi. Tundu likiziba tumia njiti ya kiberiti. Msumari unalipanua, na tundu likishapanuka maji hayarushwi mbali tena. Wenye visima vya maji ya chumvi huku pwani watakuta ukoko mweupe kwenye tundu. Loweka kichwa kwenye siki saa mbili tatu, kisha sugua kwa mswaki wa zamani.

Dukani utaambiwa "hii orijino, bosi". Omba ruhusa, kwaruza chini ya kitako kwa ufunguo. Shaba itang'aa manjano vilevile mpaka ndani. Ukiona kijivu, hiyo imepakwa rangi tu. Sumaku peke yake haitoshi, kwa sababu zinki nayo hainaswi.

2. Ya kuchomoka ardhini

Ndiyo inayopendeza kuliko zote, na ukiwa na pampu na chujio mbele yake, hutajuta. Adui yake ni fyekeo. Kijana wa bustani akifyeka bila kujua vilipo, kichwa kinaruka, na bomba lote linajaa udongo. Mwambie fundi avifukie usawa wa ardhi kabisa, na katikati ya bomba kuu na kila kichwa aweke kipande cha bomba laini, ili kikikanyagwa kilegee badala ya kuvunja tii, kile kiungo cha bomba kilicho chini.

Uzuri ni kwamba huhitaji kufukua ili kuitengeneza. Fungua kifuniko cha juu kwa mkono, vuta kijiti chake, utoe kichujio kidogo kilicho chini ya tundu, ukisuuze. Ikivuja shingoni wakati inamwagilia, ringi ya mpira imelika. Ikitiririka dakika chache baada ya pampu kuzimwa, na ndiyo iliyo mahali pa chini kuliko nyingine, hayo ni maji yaliyobaki bombani yanashuka tu. Nunua mbili za akiba za aina ileile siku hiyohiyo, kwa sababu ukirudi baada ya mwaka huenda usizikute.

Zote mbili hizi zipange hivi kwamba maji ya moja yanafika miguuni pa nyingine. Ukitaka kuhakikisha, tega makopo matupu ya nyanya sehemu nne tano, mwagilia robo saa, upime kwa rula. Kopo lenye nusu ya maji ya wenzake linakuonyesha mahali ambapo nyasi zitakauka. Na jua hesabu yake: milimita 1 kwenye mita ya mraba ni lita 1. Milimita 25 kwa wiki kwenye mita za mraba 100 ni lita 2,500, yaani simtank ya lita 2,000 imeisha na bado hujaoga.

3. Ya mikono mitatu, ya plastiki

Bei ndogo, na inazunguka hata kwa msukumo mdogo. Jua ndilo linaloiua. Ianike kivulini ukimaliza. Haitengenezeki.

4. Mpira na mkono wako

Kama uwanja wako ni wa mita za mraba 30, ishia hapa. Nunua mpira mnene wenye nyuzi ndani, wa inchi robo tatu, na klipu za chuma.

5. Ya kupepea

Lile bomba lenye vitundu linalolala huku na huku. Ndani mna gia za plastiki, na chembe moja ya mchanga wa kisimani inatosha kuzikwamisha. Yangu ilidumu wiki sita. Bomba lake la alumini nimelisimika kwenye nyanya, linashikilia mche.