Kwa nini haondoki? Uzoefu wangu na riwaya za mateka na ndoa zenye sumu

Sijapata kuona mazungumzo kuhusu riwaya za taharuki za namna hii, mke aliyefungiwa na mumewe au mtu aliyetekwa na kuwekwa chumbani, yakaisha bila mtu kuuliza: kwa nini haondoki? Swali huulizwa kwa hasira, na cha kuumiza ni kwamba hasira hiyo humwangukia aliyefungwa kabla ya kumfikia aliyemfunga. Mimi ni msomaji sugu wa riwaya hizi. Nimezisoma kimyakimya usiku, nimezisikiliza zikisomwa, na nimezijadili na wenzangu tunaosoma pamoja hadi sauti zikapanda. Siku hizi nazipima kwa swali hilohilo. Mwandishi akilijibu vizuri, namheshimu hata kama mwisho wa kitabu ulikuwa dhaifu. Akilikwepa, hata anishtue namna gani katika ukurasa wa mwisho, kitabu chake sikipi mtu.

Nianze na kile ninachokitaja mara nyingi zaidi, Behind Closed Doors cha B. A. Paris, kilichotoka mwaka 2016. Grace ameolewa na Jack, wakili mtanashati anayesifika kwa kuwatetea wanawake wanaopigwa na waume zao. Wageni wakija kula, nyumba inang'aa na mke anatabasamu. Mlango ukifungwa, mke hana simu, hana fedha, na hana chumba anachoweza kukiita chake. Sura zinapokezana, moja ya wakati uliopita na moja ya sasa, kwa hiyo unaona mtego ukitegwa na papo hapo unaona aliyenaswa ndani yake.

Wenzangu wengi walimlaumu Grace. Kwa nini asipige kelele pale mezani, mbele ya wageni? Nilipokisoma mara ya pili nililifuatilia swali hilo kwa makini, na jibu limo kitabuni wazi kabisa. Katika fungate yao Thailand, Grace anajaribu kuomba msaada hotelini, akakuta mumewe ameshamtangulia: amewaambia wafanyakazi kwamba mkewe hana akili timamu. Kila neno analolisema baada ya hapo linageuka ushahidi dhidi yake. Akilia, ni mgonjwa kweli. Akitulia, basi hakuna shida. Nilifunga kitabu hapo nikakaa kidogo, maana ile sehemu ndiyo ufunguo wa riwaya nzima. Kufuli la mlango unaweza kulivunja. Mtu ambaye hakuna atakayemwamini atakimbilia wapi? Tena Grace ana mdogo wake, Millie, mwenye ulemavu wa Down, na Jack anamngojea Millie kwa hamu. Grace akiondoka peke yake, Millie ndiye atakayelipa. Mtu aliyesoma hayo yote bado akauliza kwa nini haondoki, nadhani alisoma haraka akitafuta mwisho.

Kuna mbwa pia katika kitabu hicho, mtoto wa mbwa aliyetolewa kama zawadi, na yanayompata sitayasimulia. Ila nitasema hivi: kati ya wasomaji ninaowajua, wapo walioyavumilia mateso yote ya Grace bila kusimama, wakaja kukiweka kitabu chini kwenye sehemu ya mbwa. Wenzangu wengine waliwacheka. Mimi sikuwacheka. Mbwa hana mtu wa kumuuliza kwa nini haondoki, na nafikiri ndiyo sababu huruma ilimwendea moja kwa moja bila kupitia mahakamani. Natamani Grace naye angeipata huruma ya aina hiyo.

Kasoro za kitabu hicho zipo. Jack ni mwovu mno, kama aliyechongwa kwa uovu mtupu, na waume wa namna hii katika maisha huwa na siku zao za upole ambazo ndizo humfunga mke kuliko vitisho. Lugha nayo ni ya kawaida tu. Lakini kinasomwa kwa pumzi moja, na kina faida nyingine: kinakufundisha kumtazama kwa makini yule mgeni mmoja mezani anayeuliza maswali ya ajabu.

Kama unataka uandishi wenyewe, nenda kwa John Fowles, The Collector, cha mwaka 1963. Hiki ni kigumu kuliko vyote nilivyovisoma. Frederick Clegg ni karani anayekusanya vipepeo. Anashinda fedha nyingi katika bahati nasibu ya mpira, ananunua nyumba ya shamba yenye chumba cha chini ya ardhi, kisha anamteka Miranda, mwanafunzi wa sanaa ambaye kwa muda mrefu amekuwa akimtazama kwa mbali. Sehemu ya kwanza anasimulia Clegg mwenyewe, na hapo ndipo wasomaji wanapotaabika, kwa sababu ana adabu. Anamnunulia Miranda nguo, vitabu, chakula, chochote anachotaka, isipokuwa kufunguliwa mlango. Hapigi kelele, anaeleza mambo yake kwa utaratibu, na ukiendelea kusoma unajikuta karibu unamhurumia. Halafu inakuja shajara ya Miranda, na siku zilezile ulizokwisha kusimuliwa unazipitia upya kwa macho ya mfungwa. Kile Clegg alichokiita jioni njema, Miranda amekiandika kama jioni ya kuhesabu pumzi.

Mwenzangu mmoja alisema sehemu hiyo ya pili inachosha kwa sababu inarudia. Sikubaliani naye hata kidogo. Marudio hayo ndiyo kitabu chenyewe. Bila shajara tungebaki na maelezo ya mtekaji peke yake, na ni mara ngapi katika maisha maelezo ya mtekaji ndiyo tu yanayosikika? Tahadhari moja: usikisome ukiwa na huzuni. Hakina kitulizo.

Room cha Emma Donoghue, cha mwaka 2010, kimewagawa wasomaji kwa namna nyingine kabisa. Msimulizi ni mtoto wa miaka mitano, Jack, aliyezaliwa ndani ya banda la futi 11 kwa 11 ambamo mama yake anafungiwa. Kwake yeye hilo si gereza, ni dunia. Kitanda, kabati na zulia vina majina kama watu, na yeye huviaga na kuvisalimu. Wapo wasiostahimili sauti ya kitoto kwa kitabu kizima, na siwalaumu, kurasa za mwanzo zinataka subira. Lakini angalia jinsi sauti hiyo inavyofanya kazi. Mtekaji akiingia usiku, mtoto yuko kabatini anahesabu milio ya kitanda. Yeye anahesabu tu. Sisi ndio tunaojua anachokihesabu. Sijaona mwandishi mwingine aliyeonyesha ukatili huo bila kuutaja na bado ukauma hivyo.

Malalamiko ya kawaida kuhusu Room ni kwamba taharuki inaisha katikati, baada ya hapo ni hospitali, ndugu, waandishi wa habari na mtoto asiyejua kushuka ngazi. Mimi naona nusu hiyo ndiyo inayokitofautisha. Hadithi nyingi za mateka huzima taa pale mlango unapofunguliwa, kana kwamba mtu akitoka nje mambo yamekwisha. Hapa mama anahojiwa na mtangazaji, na swali linalomvunja ni lile la kwamba pengine angemtoa mwanawe mapema. Ni ndugu wa swali letu lilelile, safari hii linaulizwa na mtu aliyepakwa poda mbele ya kamera.

Hapa niseme jambo kuhusu wanaotatua kila kitu kwa kusema, "Ah, hiyo ni sindromu ya Stockholm." Wanamaanisha kwamba mateka ameanza kumpenda na kumtetea aliyemteka. Neno hilo lilitokana na uvamizi wa benki mjini Stockholm, Sweden, mwezi Agosti 1973, ambapo wafanyakazi wanne walishikwa mateka kwa siku sita. Mmoja wao alizungumza kwa simu na Waziri Mkuu Olof Palme akamweleza kwamba anachokiogopa zaidi ni polisi kuvamia. Ukilifikiria vizuri, hofu yake ilikuwa na mantiki kabisa: risasi zikianza, nani atakayekuwa katikati? Hali hiyo haimo hata katika mwongozo wa magonjwa ya akili unaotumiwa na madaktari wa Marekani. Kwa hiyo mhusika anapomchekea mtekaji wake, kabla hujampa ugonjwa, jiulize kwanza kicheko hicho kinamnunulia nini. Mara nyingi kinamnunulia dakika kumi za usalama.

Upande wa ndoa zisizo na kufuli la chuma, nilianzia kwenye filamu ya zamani, Gaslight ya mwaka 1944 iliyompa Ingrid Bergman tuzo ya Oscar, iliyotokana na tamthilia ya Patrick Hamilton ya mwaka 1938. Mume anampa mkewe bruchi, pambo la kubana kwenye nguo, kisha bruchi inapotea mkobani. Picha inatoweka ukutani, na mke ndiye anayeulizwa kaiweka wapi. Kila usiku mume akishatoka, taa za gesi chumbani zinafifia, na mke anaanza kuamini kwamba macho yake yanamdanganya. Kumbe mume amerudi kwa siri, yuko darini anapekua vitu, na taa alizowasha huko juu ndizo zinazopunguza gesi ya huku chini. Nimeona hila nyingi katika riwaya mpya, zenye simu na kamera, na hakuna hata moja iliyonipata kama zile taa. Ushahidi uko mbele ya macho yake kila siku, na yeye amefundishwa kutoyaamini.

Watu husema hayo ni mambo ya filamu. Mwaka 2007 mtafiti wa Marekani, Evan Stark, alitoa kitabu akieleza kwamba katika nyumba nyingi za mateso kinachoporwa hasa ni uhuru: fedha, ndugu, muda, mavazi, ruhusa ya kutoka. Kipigo kinaweza kuwa kidogo au kisiwepo. Mwaka 2015 Uingereza na Wales zikaupitishia sheria udhibiti wa namna hiyo, na mtu anaweza kufungwa hadi miaka 5. Tangu nilipolijua hilo nasoma riwaya hizi kwa jicho jingine. Kila mume anapouliza kwa upole, "Ulikuwa unaongea na nani?" nakaa sawa kitini. Nyumba usiyolala ndani hujui ila yake, lakini riwaya nzuri inakulaza humo usiku kucha.

Gone Girl cha Gillian Flynn, cha mwaka 2012, lazima nikitaje, maana tangu kitoke wachapishaji wengi wamekuwa wakitafuta kinachofanana nacho. Mke anatoweka siku ya kutimiza miaka mitano ya ndoa, mume anasimulia, shajara ya mke inasimulia, na wewe uko katikati kama mshenga aliyechelewa kufika. Mwisho wake umewaudhi wengi. Nimesikia msomaji akisema alitamani kukitupa kitabu ukutani. Mimi nautetea mwisho huo. Wote waliotaka adhabu itolewe na hesabu zifungwe walikuwa wanataka kitabu cha polisi, na hiki ni kitabu cha ndoa. Ninachokilaumu ni uzao wake: riwaya lukuki ambazo kila mke ni mwongo, kila mume ana maiti aliyoificha mahali, na jaladani kumeandikwa kwamba hutauamini mwisho. Ukishaahidiwa hivyo unasoma kama mpelelezi, unashuku kila kikombe cha chai, na mateso ya mhusika yanakuwa vidokezo tu vya fumbo. Hapo ndipo ninapozichoka.

Misery cha Stephen King nakipitia kwa haraka kwa kuwa wengi wanakijua. Mateka ni mwandishi, mtekaji ni msomaji wake mpenzi, taipureta aliyopewa haina herufi n. Nilichokipenda ni kwamba hakuna anayemuuliza Paul Sheldon kwa nini haondoki. Miguu yake imevunjika, kila mtu anaiona. Miguu ya Grace ni mizima, basi lawama ni zake.

Kwa anayetaka kuanza: Behind Closed Doors kama unataka kasi, Room kama una subira na moyo, The Collector ukishazoea. Vya kusikiliza, chagua Gone Girl, sauti mbili zinakisaidia sana. Na kama wewe mwenyewe umewahi kuishi katika nyumba ya namna hii, au unaishi humo sasa, usimruhusu mtu akukabidhi kitabu kati ya hivi bila kukwambia wazi kilichomo. Mimi nikimwazima mtu huwa naandika kwenye karatasi, sura zipi zina kipigo, zipi zina mnyama kuuawa, zipi zina ubakaji, naichomeka kwenye jalada la ndani. Natamani wachapishaji wangefanya hivyo wao wenyewe. Nafasi ipo ya kutosha, palepale walipoandika kwamba hutauamini mwisho.