Jezi ya baiskeli ya mikono mirefu kwa kipupwe cha Arusha na Moshi: uzoefu wangu

Nimetumia jezi tatu za joto kwa vipupwe viwili, Juni hadi Agosti, katika njia tatu: Moshi mjini hadi geti la Machame la kuingilia Mlima Kilimanjaro, Arusha hadi Usa River na kurudi, na Kisongo kuelekea Monduli. Ya kwanza ni ya poliesta yenye manyoya mafupi upande wa ndani. Ya pili ni ya sufu ya merino, yaani ya kondoo wa manyoya laini, iliyochanganywa na poliesta. Ya tatu ina kitambaa cha kuzuia upepo kifuani na mikononi. Ninayoivaa mara nyingi ni ile ya kwanza, ambayo ndiyo nyepesi na ndiyo iliyonigharimu kidogo kuliko zote.

Ukitaka kuelewa kwa nini, anza na mlima wenyewe. Moshi mjini iko kama mita 850 juu ya usawa wa bahari, na geti la Machame ni kama mita 1,800. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo huko juu unakuta nyuzi kama 6 pungufu. Hizo peke yake zinavumilika. Kinachokuumiza ni kwamba umepanda zaidi ya saa nzima kwa kasi ya kilomita 8 hadi 10 kwa saa, mwili unachemka, mgongo umeloa. Ukigeuza baiskeli unashuka kwa 45 na zaidi, miguu imetulia haizalishi joto, na upepo unalipiga lile jasho. Jasho likikauka linaondoka na joto la mwili. Kipimajoto kinasoma nyuzi 14 na meno yanagongana.

Jezi nene iliyoshonwa kwa ajili ya Ulaya ya nyuzi 0 hadi 5 inakutoa jasho jingi wakati wa kupanda, halafu unashuka nalo lote. Ndiyo maana ninapochagua naangalia kwanza inakauka upesi kiasi gani na inafunguka kiasi gani, ndipo nauliza unene.

Njia ya Usa River ni kinyume chake. Unaanza na mteremko alfajiri mwili ukiwa bado wa baridi, unapita Tengeru ukiwa umejikunyata, kisha unarudi ukipanda na jua limeshatoka. Hapo kola na kifua ndivyo vinavyobeba kazi. Kisongo ni habari nyingine: tambarare, upepo wa ubavuni, vumbi. Huko ndiko jezi ya tatu ilikostahili sifa.

Sasa vitambaa, maana hapa ndipo watu wengi wanapotezea hela. Poliesta hainywi maji karibu kabisa, haifiki hata asilimia 1 ya uzito wake. Jasho linapita katikati ya nyuzi kutoka kwenye ngozi hadi nje, linasambaa na kukauka. Manyoya ya ndani yanashika hewa, na hewa hiyo ndiyo blanketi. Jezi yangu ya saizi M ina gramu 310 kwenye mizani ya duka. Nikikuta iliyozidi 380 kwa saizi hiyohiyo naiacha, ni ya baridi isiyo yetu. Ubaya wa poliesta ni harufu. Safari mbili bila kufua na kwapa linatangulia kuingia ndani kabla yako.

Sufu ya merino hunywa unyevu hadi kama asilimia 30 ya uzito wake kabla hujahisi umeloa, na ukiloa bado inakupa joto. Hainuki upesi, unaweza kuivaa siku tatu ukiianika tu. Kwa mtu anayeendesha polepole kwenda kazini kutoka mitaa ya Arusha kama Sakina au Njiro, ningempa hiyo bila kusita. Lakini ikijaa maji inakuwa nzito na inachelewa kukauka: ya poliesta nikiifua jioni na kuibana kwa taulo, asubuhi naivaa, ya merino inasubiri hadi mchana. Tena viwavi wa nondo wanaipenda, hasa penye madoa ya jasho, kwa hiyo huwekwa safi kwenye mfuko uliofungwa. Kwa kupanda Machame na kushuka, kwangu imeshindwa na poliesta.

Ile ya kuzuia upepo inafanya kweli inachoahidi: upepo haupiti. Na jasho nalo halipiti. Nikifika geti, bitana ya kifuani naikamua kwa vidole na maji yanachuruzika. Ukiitaka kwa ajili ya Kisongo, hakikisha mgongo na makwapa ni kitambaa cha kawaida chenye matundu, upande wa mbele tu ndio uwe wa kuzuia. Yangu niliiagiza mtandaoni, tangazo likasema mgongo unapumua. Ilipofika, kitambaa kilikuwa kilekile pande zote. Omba picha ya upande wa ndani kabla ya kulipa.

Kwa mteremko ipo njia rahisi kuliko kununua jezi ya tatu. Waendeshaji wa Tour de France, yale mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, kwa miaka mingi wamekuwa wakichomeka gazeti kifuani wanapofika kileleni. Kurasa nne zilizokunjwa, ndani ya jezi, kuanzia kwenye kola hadi tumboni: zinakata upepo, zinanyonya jasho kidogo, na ukifika chini unazitoa. Kizibao chepesi cha upepo kinachokunjwa kikaenea mfukoni ni bora zaidi, lakini gazeti linapatikana kila mahali.

Kabla ya kununua fanya majaribio mawili papo hapo dukani. Bandika kitambaa mdomoni na kipulize kwa nguvu huku kiganja kikiwa upande wa pili. Pumzi ikipita kirahisi kabisa, kitakuangusha kwenye mteremko. Isipopita hata kidogo, kitakuchemsha kwenye mlima. Unataka ile inayopita kwa kusitasita. Jaribio la pili ni la tone. Geuza jezi, dondosha tone moja la maji upande wa manyoya, hesabu hadi kumi. Kitambaa kizuri tone linatanuka kama sarafu na unyevu unatokeza nje. Tone likikaa duara juu juu, hicho kitambaa hakivuti jasho, au kimeharibiwa na dawa ya kulainishia nguo.

Zipu iwe ndefu, kutoka kola hadi chini. Nusu zipu haitoshi kwa mlima wetu: ukiwa umeshaloa huwezi kuachia hewa ya kutosha, na kuivua iliyogandamana na mwili barabarani ni shida. Ijaribu kwa mkono mmoja bila kushika pindo la chini, kwa sababu mkono wa pili utakuwa kwenye usukani. Nyuma ya zipu lazima kuwe na ukanda wa kitambaa wa sentimita 2 au 3, la sivyo upepo unaingia kwenye meno ya zipu na kuchora mstari wa baridi katikati ya kifua. Juu kabisa kuwe na kijifuniko cha kichwa cha zipu kisikuchune koo. Zipu za chapa ya YKK zimenidumu. Ile iliyokuja na jezi ya tatu ilianza kukwama mwezi wa pili, vumbi la Kisongo limeingia kwenye meno; mswaki mkavu, kisha kuipaka kipande cha mshumaa, kuliirudisha.

Kuhusu saizi, usijitazame kwenye kioo umesimama wima. Inama kama umeshika usukani, mikono mbele. Kwa mkao huo pindo la mkono lifunike mfupa wa kifundo na lipandane na glavu angalau sentimita 2, na mgongo wa chini usionekane. Ukisimama wima jezi ya kweli ya baiskeli inaonekana fupi mbele na inavuta mabega, ndivyo ilivyokatwa. Jezi pana inapepea kama bendera, na kila inapopepea inatoa hewa ya joto na kuingiza ya baridi. Usiamini herufi pia. Kifua changu ni sentimita 96: kwa jezi moja mimi ni M, kwa nyingine iliyotoka China nikaishia XL. Pima kifua kwa futi ya fundi cherehani, linganisha na jedwali la muuzaji. Wanawake watafute iliyokatwa kwa ajili yao, yenye nafasi kifuani na nyongani. Ya kiume huwa inapanda kiunoni na kuacha mgongo wazi.

Rangi: yoyote ila nyeusi na kijivu. Alfajiri ya kipupwe kuna ukungu, na barabara ya Moshi–Arusha ina malori na mabasi. Mstari unaong'aa uwe mgongoni, chini ya mifuko. Ukiwa juu ya mifuko mara nyingi unafunikwa na kizibao au begi.

Mitumba. Kwa Moshi nenda soko la Memorial, kwa Arusha soko la Kilombero. Usiulizie jezi ya baiskeli tu. Eleza unatafuta sweta ya mazoezi yenye mifuko mitatu mgongoni, muuzaji ataelewa upesi. Yangu ya poliesta nimeipata huko kwa shilingi 15,000 baada ya kupatana. Inyanyue kwenye mwanga: viwiko na makwapa visiwe vimekonda kuliko sehemu nyingine. Vuta kitambaa upana wa kiganja kisha achia. Kikibaki na mawimbi, mpira uliofumwa ndani umeshakufa na hakuna dawa. Pindua pindo la chini uangalie ule mkanda wa silikoni unaoshika kiuno, ukiwa umekauka na kubanduka jezi itapanda juu. Vuta midomo ya mifuko kwa nguvu, kwa sababu pampu, tyubu na simu vyote vinakaa hapo, na kitambaa chenye manyoya hulegea upesi kikibebeshwa. Vizito weka mfuko wa kati.

Lebo ikiwa imekatwa na unaambiwa ni sufu, omba uchomoe uzi mmoja kutoka kwenye kitambaa chenyewe. Usichukue wa mshono, wa mshono karibu siku zote ni poliesta. Uchome kwa kiberiti. Sufu inanuka kama nywele zilizoungua na majivu yake yanasagika kwenye vidole. Poliesta inayeyuka na kuacha kishanga kigumu. Mchanganyiko unatoa harufu ya nywele na kishanga kwa pamoja.

Ufuaji ndio unaoua jezi nyingi nzuri. Funga zipu, geuza ndani nje, maji ya vuguvugu yasiyozidi nyuzi 30, sabuni ya maji kidogo. Dawa ya kulainisha na kunukisha nguo usiiguse: inaacha utando kwenye nyuzi, jasho halipiti tena, na tone la maji linakaa duara kama nilivyoeleza. Ikiwa imeshatiwa, iloweke dakika 30 katika lita 5 za maji yenye nusu kikombe cha siki, kisha suuza mara mbili. Mara nyingi inarudi. Dawa ya madoa yenye klorini inakula mpira wa kitambaa. Usikamue kwa kusokota, izungushe kwenye taulo na kuikandamiza. Anika kivulini, kwa sababu jua kali linapausha rangi na kuchosha mpira wa kitambaa. Pasi hapana kabisa; manyoya ya ndani yanalala na kuyeyuka kidogo, na pale yalipolala hapashiki hewa tena.