Betri ya pili kwenye gari la kambi: mifumo mitano, kuanzia wa kununua hadi wa kuacha

Kabla hujauliza betri ya pili iwe ya ukubwa gani, ijue altaneta yako, yaani jenereta inayozungushwa na injini na kuchaji betri. Hiyo ndiyo itakayoamua vifaa gani vitafanya kazi na vipi vitabaki mapambo. Chomeka voltimita ndogo kwenye soketi ya sigara, washa gari, uendeshe dakika 20 huku aliyekaa kiti cha pembeni akisoma namba. Zikikaa kati ya 13.8 na 14.4 muda wote, altaneta ni ya kawaida. Zikishuka hadi 12.5 katika mwendo tulivu, kisha zikapanda kukaribia 15 unapoachia pedali ya mafuta, altaneta inaongozwa na kompyuta ya gari, na bidhaa nyingi za bei nafuu zinazouzwa kwa kazi hii hazikufai.

Kisha piga hesabu ya matumizi. Friji ya kompresa ya lita 40 hadi 50 huvuta ampea (A) 4 hivi inaponguruma. Penye joto hunguruma karibu nusu ya siku, basi weka Ah (ampea-saa) 48 kwa saa 24. Taa za LED Ah 4, simu mbili Ah 3, kompyuta mpakato kwa saa mbili Ah 10. Jumla ni Ah 65. Betri ya AGM (ya risasi, iliyozibwa) ya Ah 100 haitakiwi kushushwa chini ya nusu mara kwa mara, kwa hiyo unayo Ah 50 tu: haimalizi siku. Lithiamu ya Ah 100 hutoa 80 hadi 90 bila kuumia. Betri ya kuwashia gari usiitegemee kabisa kwa friji. Sahani zake ni nyembamba, zimetengenezwa kutoa mamia ya ampea kwa sekunde chache, na ikimalizwa chaji mara kadhaa tu haina maisha tena.

1. Chaja ya DC-DC na lithiamu ya Ah 100

Kwa magari mengi, huu ndio wa kununua. Chaja hupokea umeme wa altaneta ulivyo, uwe volti 12 au 15, ikaupandisha au kuushusha, na kuipa betri volti inazozitaka: 14.2 hadi 14.6 kwa lithiamu. Pia huweka kikomo cha ampea, na hapo ndipo wengi hawatazami. Lithiamu ina ukinzani mdogo sana ndani yake, hivyo ikiunganishwa moja kwa moja hunywa chochote inachopewa. Altaneta ikilazimishwa kutoa nguvu zake zote gari limesimama huku injini ikiunguruma, feni yake haizunguki vya kutosha kuipoza, na koili au dayodi huungua.

A 25 au 30 zinatosha betri ya Ah 100. Kurudisha zile Ah 65 ni mwendo wa saa mbili na nusu hivi. A 50 zina maana ukiwa na Ah 200 na altaneta ya A 120 au zaidi. Redarc BCDC1225D hutoa A 25, ina ingizo la sola lenye MPPT (kidhibiti kinachovuna nguvu nyingi iwezekanavyo kutoka kwenye paneli) ndani yake, na imezibwa vizuri dhidi ya vumbi na maji. Victron Orion-Tr Smart 12/12-30 hutoa A 30 na hupangwa kwa simu, lakini haina ingizo la sola, haitaki maji, na hupata moto kwelikweli: iachie sentimita 10 za hewa juu na chini. Orion XS 12/12-50 ya kampuni hiyohiyo hupoteza umeme kidogo sana, basi haichemki kiasi hicho. CTEK D250SE hutoa A 20 na inapokea sola, ila soma lebo ya paneli kwanza, maana inayozidi volti 23 haiendi nayo.

Kwenye betri yenyewe tafuta maandishi LiFePO4 (lithiamu ya chuma na fosfeti), uwezo wa kutoa angalau A 100 mfululizo, na kinga ya ndani inayokata chaji joto likishuka chini ya nyuzi 0. Bila kinga hiyo, kuchaji kwenye baridi kali huharibu seli moja kwa moja, na hakuna chaja ya kuzirudisha. Uzito ni kilo 11 hadi 13 dhidi ya karibu 30 za AGM, tofauti inayoonekana kwenye springi za nyuma. Usiifunge chini ya boneti; joto la injini huimaliza. Nunua pia kipimo cha shanti, kinachohesabu ampea zinazoingia na kutoka kwenye betri. Lithiamu hukaa kwenye volti 13.2 hivi tangu ikiwa karibu imejaa hadi imebakiza robo, kwa hiyo voltimita pekee itakudanganya mpaka dakika ya mwisho.

2. Chaja ya DC-DC na AGM

Chaja ni ileile, ukibadilisha mpangilio wake. Chagua hii ikiwa nafasi pekee uliyonayo iko kwenye chumba cha injini, au unakwenda mara nyingi kwenye barafu. AGM huvumilia hivyo vyote, ingawa joto hupunguza umri wake pia. Weka ngao ya bati kati yake na ekzosi. Tatizo ni chaji ya mwisho: ikifika asilimia 80 hupunguza yenyewe ampea inazopokea, na asilimia 20 zilizobaki huchukua saa kadhaa. Anayeendesha kidogo kila siku haijazi kamwe, na AGM isiyojaa wiki hadi wiki hujenga salfeti na kupoteza uwezo. Paneli ya sola ya W 100 hadi 150, yenye kidhibiti cha MPPT, ndiyo dawa yake.

3. Relei inayohisi volti, pamoja na AGM

Ni nzuri kwa gari la zamani lenye altaneta ya kawaida, na kwa hilo tu. Huunganisha betri mbili volti zikifika 13.2 au 13.3, hutenganisha zikishuka hadi 12.7 au 12.8. Ni rahisi, haina mengi ya kuharibika, na hupitisha ampea nyingi kuliko chaja ya A 25. Kwenye altaneta ya kompyuta hutenganisha betri kila mara na betri ya pili inabaki na njaa. Ukiifunga na lithiamu mambo huwa mabaya zaidi: lithiamu ikipumzika tu ina volti 13.2, relei hudhani injini inafanya kazi, na betri zote mbili zinabaki zimeshikana usiku kucha.

4. Boksi la umeme la kubebeka

Halihitaji fundi, na kwa gari la kukodi halina mpinzani. Udhaifu ni soketi ya sigara, ambayo huliruhusu kuvuta W 100 hivi. Boksi la Wh 1,000 likiwa tupu linataka saa 10 za barabarani. Ukinunua, hakikisha lina seli za LiFePO4.

5. Swichi ya mkono

Unaunganisha na kutenganisha betri mbili wewe mwenyewe. Inafanya kazi vizuri kabisa mpaka jioni utakaposahau kuizungusha. Wa kuacha kabisa ni ndugu yake: relei ya kawaida ya miguu minne inayowashwa na ufunguo. Ufunguo ukifika sehemu ya kuwasha, stata inavuta umeme kutoka betri zote mbili kupitia kirelei cha A 40, na hapo huyeyuka.

Nyaya, fyuzi na ethi

Mifumo mingi hufa hapa, si kwenye betri. Betri ikiwa mita 6 nyuma, umeme husafiri mita 12 kwenda na kurudi. Kwa A 30, waya wa shaba wa mm² 6 hupoteza zaidi ya volti 1 njiani. Wa mm² 16 hupoteza karibu 0.4. Nunua wa 16. Hakikisha namba iliyoandikwa ni eneo la shaba, si kipenyo kikijumlishwa na plastiki, maana waya mnene wa nje unaweza kuwa mwembamba ndani. Kwaruza ncha kwa kisu: ikitoa rangi ya fedha chini ya wekundu, ni alumini iliyopakwa shaba. Usiinunue.

Fyuzi ni mbili, moja kila upande, ndani ya sentimita 20 kutoka kwenye betri. Ya mbele pekee haitoshi, kwa sababu waya ukichubuka katikati betri ya nyuma nayo italisha moto. Kwa chaja ya A 25 tumia fyuzi ya A 40, kwa ya A 30 tumia ya A 60, za aina ya kufungwa kwa bolti. Pitisha nyaya ndani ya bomba la plastiki, mbali na ekzosi na shafti, na weka mpira kila zinapopenya bati. Vichwa vya nyaya vibanwe kwa koleo la haidroliki. Nyundo haibani sawasawa, na kiungo kilicholegea hupata moto hata fyuzi isikatike.

Ethi ya chaja iwe waya mnene uleule. Ukiifunga kwenye chasisi, kwangua rangi hadi chuma king'ae, kaza bolti yenye washa ya meno, kisha paka grisi juu yake. Gari likiwa na kihisi cha ampea kwenye kichwa hasi cha betri ya mbele, usifunge waya wowote kwenye kichwa hicho; funga kwenye chasisi, la sivyo kompyuta itakosa hesabu ya chaji. Kwa altaneta ya kompyuta, ongeza waya mwembamba wa ishara kutoka saketi inayopata umeme ufunguo ukiwashwa. Bila huo, chaja huona volti 12.5 na kujizima katikati ya safari.

Kujaribu kabla ya kuondoka

Betri ya nyuma ikiwa nusu, washa injini na pima volti kwenye betri ya mbele, kisha kwenye ingizo la chaja. Tofauti isizidi 0.5. Ikizidi, gusa kila kiungo baada ya nusu saa. Kilicho na moto ndicho chenye kasoro. Zima injini, ngoja dakika tano, tazama kama chaja imeacha kuvuta. Ikiendelea, waya wa ishara umefungwa mahali penye umeme wa kudumu, na asubuhi stata haitazunguka. Kaza bolti zote tena baada ya safari ya kwanza ya barabara mbovu.